Sura ya Nne: Mtoto Aliye Juu ya Mzani

Mtoto anayezaliwa Tanzania hupelekwa kliniki kuchanjwa akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, halafu miezi 9 na miezi 18, na katikati ya tarehe hizo hutakiwa kupimwa uzito kila mwezi. Katika zahanati nyingi bado unatumika ule mzani wa kuning'inia. Mama humvua mtoto nguo na kumvisha kikaptula chenye mikanda, muuguzi humtundika kwenye ndoano, husoma mshale, huweka nukta kwenye kadi na kumwita anayefuata. Mwalimu hamfahamu mtoto wa umri huo, polisi hamfahamu, na afisa ustawi wa jamii anaweza kumaliza mwaka bila kumtia machoni. Ni mtumishi wa afya peke yake anayemwona kwa ratiba, akiwa karibu uchi, mchana kweupe, tena ni mtu aliyesomea mwili wa binadamu. Kama kuna mahali ambapo kipigo cha mtoto mchanga kingeweza kugunduliwa kabla hakijamuua, ni pale kwenye ndoano. Hata hivyo kinachosomwa pale kwa kawaida ni mshale tu. Sura hii inauliza kwa nini iko hivyo, na kama mafunzo tunayowapa watumishi wa afya yanagusa sababu yenyewe au yanaizunguka.

Ukubwa wa tatizo hauna haja ya kubishaniwa tena. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kwa vijana wa miaka 13 hadi 24, kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walisema waliwahi kutendewa ukatili wa kimwili. Kenya ilifanya utafiti kama huo mwaka uliofuata, nayo ikapata picha inayofanana. Lakini takwimu inayotuhusu zaidi hapa husomwa kwa haraka na kupitwa: kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, nusu hivi walimwambia mtu, mmoja kati ya watano alitafuta huduma, na mmoja kati ya kumi ndiye aliyeipata. Maana yake ni kwamba watoto wengi walioumizwa hawaji hospitali kwa jina la kilichowaumiza. Wanakuja na homa, na tumbo linalouma, na kikojozi kilichorudi baada ya kukoma, na mkono uliovunjika kwa kuanguka kwenye mwembe. Wanahudumiwa kwa hayo, wanapewa dawa ya hayo, na wanarudi kulekule.

Jibu linalotolewa kwa wepesi ni kwamba watumishi hawazijui dalili, kwa hiyo wafundishwe dalili. Ni jibu lenye ukweli kiasi, na ndilo lililozaa semina nyingi za siku tatu zenye picha za michubuko. Historia ya udaktari wenyewe, hata hivyo, inalitilia shaka. Mwaka 1860 daktari wa Paris, Ambroise Tardieu, alichapisha maelezo ya watoto 32 waliopigwa na kuteswa, wengi wao na wazazi wao, na 18 kati yao walikufa. Dalili alizoziandika hazitofautiani sana na zinazofundishwa leo. Madaktari wenzake waliyasoma, wakayaweka kando. Miaka 86 baadaye John Caffey, mtaalamu wa picha za mionzi nchini Marekani, aliripoti watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovilia ndani ya fuvu pamoja na mifupa 23 iliyovunjika, bila maelezo ya kueleweka. Naye alisita kusema waziwazi nani alikuwa amefanya hivyo. Ilipofika mwaka 1962 ndipo C. Henry Kempe na wenzake wa Denver walipolipa jambo hilo jina, wakaziuliza hospitali 71 na kukusanya visa 302 vya mwaka mmoja, vikiwemo vifo 33. Kempe aliandika bila kuficha kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa madaktari wenyewe, ambao hawakuwa tayari kuamini kwamba mzazi anaweza kumtenda mwanawe hivyo. Miaka mitano baadaye kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria ya kutaka daktari atoe taarifa. Dalili zilikuwa zimejulikana kwa karne nzima. Kilichobadilika ni kwamba daktari alipewa wajibu, mahali pa kupeleka taarifa, na kinga ya kisheria akifanya hivyo.

Utafiti wa baadaye unaonyesha pengo hilo kwa karibu zaidi. Mwaka 1999 Carole Jenny na wenzake, wakifanya kazi Denver kulekule kwa Kempe, walipitia majalada ya watoto 173 wa chini ya miaka mitatu walioumizwa kichwani kwa makusudi. Watoto 54 kati yao walikuwa wamekwisha kuonwa na daktari kabla, na daktari akawatibu kitu kingine: virusi vya tumbo, mafua, kuanguka. Waliokosewa zaidi walikuwa watoto wa Kizungu wanaoishi na baba na mama wote wawili. Kwa lugha nyingine, daktari aliiangalia familia, akaiona ni ya watu wa heshima, akaacha kumwangalia mtoto. Mwaka 2013 utafiti mwingine wa Marekani, wa watoto wachanga 200 waliothibitika kupigwa, ulikuta zaidi ya robo walikuwa na jeraha dogo kabla ya lile kubwa, kwa kawaida alama ya damu kuvilia au jeraha mdomoni. Kati ya watoto 101 waliolinganishwa nao, ambao hawakuwa wamepigwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na historia ya jeraha la namna hiyo. Na katika visa vinne kati ya kumi hivi, mtumishi wa afya alikuwa anajua habari za jeraha lile la kwanza. Aliliona, likapita.

Kisa kinachoeleza vizuri zaidi namna jambo linavyoweza kuonwa na kupita ni cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Ivory Coast aliyefariki London tarehe 25 Februari 2000 mikononi mwa shangazi wa baba yake na mwanamume waliyeishi naye. Mtaalamu aliyeuchunguza mwili alihesabu majeraha 128. Julai 1999 mtoto huyo alikuwa amepelekwa hospitali mbili za London kwa muda usiozidi wiki mbili. Katika ya kwanza, daktari wa ngazi ya chini alishuku kwamba alama zile zilikuwa za kuumizwa, na hatua za kumlinda zikaanza. Akaja daktari bingwa, akasema ni upele. Ulinzi ukaondolewa, mtoto akarudi nyumbani. Katika hospitali ya pili alilazwa kwa kuungua uso, na wauguzi waliomwogesha waliona alama mwilini na kuona namna alivyogeuka mtoto mwingine mlezi alipoingia wodini. Mengi ya waliyoyaona hayakuandikwa popote. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 ilitoa mapendekezo 108, na ukiyasoma pamoja na simulizi la wodini unagundua jambo moja linaloudhi: hapakukosekana jicho la kuona. Lilikosekana daraja la kutoka kwenye jicho la mdogo hadi kwenye kalamu, na kutoka kwenye kalamu hadi kwa mtu wa kuchukua hatua, bila kukatizwa na mkubwa mwenye uhakika mwingi.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Mafunzo ya watumishi wa afya kuhusu ukatili dhidi ya watoto yanashindwa kwa sababu yanaishia kwenye dalili, ilhali kazi ngumu inaanza baada ya dalili. Mtumishi anahitaji kufundishwa, na kufanyishwa mazoezi, ya dakika thelathini zinazofuata shaka: anamuuliza nani, anasema nini, anaandika vipi, anampigia nani simu, na anafanya nini mganga mfawidhi akimwambia aachane na mambo ya watu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 11 ya mafunzo ya namna hii kwa wataalamu mbalimbali, yanaelekea hukohuko: ushahidi kwamba mafunzo yanaongeza maarifa ya mshiriki upo, japo si wa nguvu sana, lakini ushahidi kwamba yanabadilisha idadi au ubora wa taarifa zinazotolewa ni mchache mno. Kufaulu mtihani wa mwisho wa semina hakujawa kipimo cha kitu chochote zaidi ya kufaulu mtihani huo.

Nisieleweke kwamba dalili zisifundishwe. Zifundishwe, lakini chache, zile zenye uzito, na kwa mwili wa mtoto tuliye naye. Mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa wala kushika ukuta hana kawaida ya kujivilisha damu. Utafiti mmoja wa mwaka 1999 ulikuta watoto wawili tu kati ya 366 wa chini ya miezi sita wakiwa na alama hizo. Kwa aliye chini ya miaka minne, alama kwenye kiwiliwili, sikio au shingo ni ya kutiliwa mashaka, na kwa aliye chini ya miezi minne ni ya kutiliwa mashaka popote ilipo. Kanuni hiyo ilipoboreshwa mwaka 2021 kwa kuongeza sehemu za uso, mdomo na alama zenye umbo la kitu, ilikamata asilimia 95 ya waliopigwa na kuwaachia asilimia 87 ya wasiopigwa. Kuungua kwa maji ya moto kunakoacha mpaka ulionyooka kama soksi miguuni ni tofauti na kuungua kwa chungu kilichomwagika, ambako huacha mitiririko na madoa. Na hapa lazima niseme neno kuhusu picha zinazotumika kufundishia. Nyingi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako damu iliyovilia huonekana nyekundu, zambarau, kisha manjano. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi ndani ya weusi, na mara nyingine hugunduliwa kwa kidole kinachohisi uvimbe au kwa mtoto anayeruka akiguswa. Muuguzi wa Kahama au Kilifi aliyefunzwa kwa picha za Denver atakuwa anatafuta rangi ambayo hataiona.

Kuna pia mambo ambayo mafunzo yanapaswa kuyaondoa kichwani, na hili naona lina uzito kuliko yale ya kuongeza. Kubwa kuliko yote ni imani kwamba mtoto aliyebakwa ataonyesha tu akichunguzwa, na kwamba asipoonyesha basi hakubakwa. Imani hii iko kwa mzazi, iko kwa polisi, iko kwa wakili, na kwa bahati mbaya iko kwa watumishi wengi wa afya. Mwaka 2002 Astrid Heger na wenzake wa California walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto 2,384 waliopelekwa kwao kwa shaka ya ukatili wa kingono; zaidi ya asilimia 96 walikuwa na maumbile ya kawaida kabisa. Miaka miwili baadaye Nancy Kellogg wa Texas alichunguza picha za wasichana 36 waliokuwa wajawazito, watu ambao hakuna awezaye kubisha kwamba walikutana na mwanamume, na akakuta wawili tu ndio wenye alama ya wazi ya kuingiliwa. Sehemu hizo hupona haraka, kwa wengi haziachi kovu, na ukatili mwingi wa kingono kwa watoto wadogo hauchani chochote. Ndiyo maana mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018 yalitaka kile kinachoitwa kipimo cha ubikira kikomeshwe: hakipimi kitu, na kinamuumiza mtoto mara ya pili.

Sasa fikiria kinachotokea tabibu asiyejua haya anapojaza PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Anaandika kwamba hakuona mchubuko wala damu, ubikira haupo au upo, basi. Maneno hayo matano au sita yanasafiri hadi mahakamani, na huko yanasomwa kana kwamba yamejibu swali la kama tukio lilitendeka. Sheria yenyewe haimtaki daktari abebe mzigo huo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu ya mwaka 2006 ambayo inanukuliwa karibu kila kesi ya namna hii, ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa, na taarifa ya daktari inaweza kusaidia tu. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mshitakiwa kutiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli. Tabibu aliyefunzwa vizuri ataandika sentensi moja ya ziada: kwamba maumbile ya kawaida hayapingani na maelezo ya mtoto. Sentensi hiyo haihitaji mashine wala bajeti, na kukosekana kwake kunaweza kuigeuza kesi nzima.

Kuuliza nako kunafundishika. Watu wengi hudhani ni kipaji, kwamba kuna wauguzi wenye mkono wa watoto na wasio nao. Lakini makosa ni yaleyale kila mahali: kumuuliza mtoto mbele ya aliyemleta, kumpa jibu ndani ya swali ("Ni baba ndiye aliyekupiga?"), kumhoji kama karani wa polisi, kumwahidi kwamba hutamwambia mtu. Kinachofaa ni kumtenga mtoto na mlezi kwa sababu ya kawaida, kama kupima uzito chumba cha pili, kisha kuuliza swali lililo wazi na kunyamaza. "Nieleze ilikuwaje." Akianza kusema, asikatizwe. Akimaliza, aambiwe kwamba amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake, na aelezwe kwa ukweli nani mwingine atajulishwa. Kazi ya hospitali inaishia hapo. Upelelezi una wenyewe. Mtumishi anayeendelea kuhoji ili apate uhakika anaweza kuuharibu ushahidi anaoutafuta, kwa sababu baada ya maswali kumi mtoto huanza kujibu anachodhani mkubwa anataka kukisikia.

Kuhusu kuandika, mfano mmoja wa kubuni unatosha. Bibi ameleta mtoto wa miezi minne anayelia. Kwenye daftari la wagonjwa wa nje panaandikwa: "Mtoto ameanguka. Dawa ya maumivu. Arudi baada ya siku 3." Kwa maneno hayo, mtoto huyo amefungiwa mlango. Siku akirudi na fuvu lililopasuka, hakuna atakayejua kwamba lilikuwapo jeraha la kwanza. Mtumishi mwingine, kwa muda usiozidi dakika tano zaidi, angeandika: "Bibi mzaa baba anasema mtoto alianguka jana jioni kutoka kitandani, kimo cha goti, yeye hakuwepo. Mtoto hajaanza kugeuka mwenyewe. Damu imevilia sehemu mbili nyuma ya sikio la kushoto, kila moja ukubwa wa punje ya harage. Nimemvua nguo zote. Sikuona alama nyingine. Maelezo hayalingani na umri. Mganga mfawidhi amejulishwa saa 4:20 asubuhi." Maelezo haya hayakumtaja mtuhumiwa wala kumtukana mtu. Yaliandika kilichosemwa, nani alikisema, kilichoonekana, na kipi hakikuonekana. Kama mafunzo yangekuwa na saa moja tu, ningetaka saa hiyo yote itumike kuandika maelezo ya aina hii na kusahihishana.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa husika, kwa hiyo hakuna mtumishi wa afya wa Tanzania Bara anayeweza kusema jambo hili halimhusu. Vyombo vya kupokea taarifa vipo pia: ofisi ya ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, simu ya bure 116, na vituo vya Mkono kwa Mkono ambavyo vinamkutanisha mtoto na tabibu, polisi na mshauri chini ya paa moja. Zanzibar ilifungua chake Mnazi Mmoja mwaka 2011. Pale ambapo kituo kama hicho hakipo, kuna saa zinazohesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku tano, mapema iwezekanavyo. Mtoto anayerudishwa nyumbani akatafute PF3 kwanza, polisi ikiwa kilomita arobaini na mafuta ya pikipiki hayapo, anaweza kurudi saa hizo zikiwa zimekwisha. Tiba itangulie, karatasi ifuate. Hili nalo ni somo la dakika mbili ambalo linaokoa zaidi ya mihadhara mingi.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba tutawasingizia wasio na hatia. Hofu hii ina msingi, na asiye nayo asipewe kazi hii. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na madoa ya bluu mgongoni na matakoni yanayofanana na kipigo. Kuna chale, kuna alama za kuumikwa, kuna majeraha ya mdomoni yaliyoachwa na aliyeng'oa "meno ya nailoni" au kukata kimeo, kuna magonjwa ya damu isiyoganda na ya mifupa inayovunjika kirahisi. Lakini pingamizi hili linapinga ujinga, mafunzo halijayagusa. Mtumishi anayejua doa la kuzaliwa linavyokaa ndiye atakayemwokoa mama wa watu na aibu ya kupelekwa polisi, hasa akiwa ameliandika kwenye kadi siku ya kwanza. Na meno ya nailoni yanaleta swali ambalo halina jibu jepesi: mzazi aliyempeleka mwanawe kung'olewa meno yasiyoota kwa kuamini anamponya amemuumiza, lakini hahitaji pingu. Anahitaji muuguzi wa kumweleza kabla hajampeleka na wa pili.

La pili ni la mila na malezi: kwamba kumchapa mtoto ni kumlea, na hospitali haina mamlaka ya kuingia ndani ya nyumba. Sheria ya Tanzania bado inatambua adhabu kwa mtoto, ila inasema adhabu isiyolingana na umri wake, mwili wake na akili yake haina utetezi. Siamini kwamba watumishi wa afya ndio watakaoumaliza ubishi wa viboko, na sidhani wapewe kazi hiyo. Mtoto wa miezi minne haadhibiwi. Mfupa wa paja hauvunjiki kwa kulelewa. Tukianzia kwenye visa ambavyo hakuna mila yoyote ya pwani wala bara inayovitetea, tutakuwa na kazi ya kututosha miaka mingi.

La tatu, ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba kina mama wataacha kuja kliniki. Msichana wa miaka 16 mwenye ujauzito ndiye anayelileta mbele yetu kwa ukali. Kwa sheria ya Tanzania, kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka hata kama alikubali, na ni ndoa tu iliyoachiwa mwanya. Kwa hiyo kila msichana asiyeolewa wa umri huo anayekuja kupima mimba ni kesi ya jinai iliyotembea kwa miguu yake hadi kwa muuguzi. Akijua kwamba ataulizwa jina la mwanamume kisha polisi waitwe, ama atadanganya kwamba ni mpita njia, ama atajifungulia nyumbani. Sina njia ya kuliondoa gumu hili kwa sentensi moja. Ninachoona ni kwamba muuguzi aliyefunzwa ataanza na usalama: je, aliyempa mimba anaishi naye nyumba moja? Je, analazimishwa mpaka leo? Je, ana pa kulala? Mtoto aliyepewa mimba na mlezi wake na msichana mwenye mpenzi wa darasa la jirani wote wamo ndani ya sheria moja, lakini hatari waliyo nayo haifanani hata kidogo, na anayejua kuuliza ndiye anayeweza kumtambua wa kuondolewa leo hii. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 halikupendekeza kumhoji kila mtoto anayekuja. Linataka mtumishi awe macho, aulize pale dalili au maelezo yanapomtaka aulize. Ni mwongozo wa busara, na unapunguza sehemu ya hofu hii.

Kuna ushahidi pia kwamba mafunzo yakifungwa pamoja na msaada, familia hazikimbii. Katika kliniki za watoto za Baltimore, Howard Dubowitz na wenzake waliwafunza madaktari vijana kuuliza kuhusu msongo wa mama, ulevi, ugomvi wa nyumbani na njaa, wakawapa karatasi fupi ya maswali kwa wazazi, na wakaweka mtu wa ustawi wa jamii palepale kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: familia zilizoripotiwa kwa vyombo vya ulinzi wa mtoto zilikuwa asilimia 13.3 pale mpango ulipotumika, na asilimia 19.2 pale usipotumika. Ripoti zilipungua, inaelekea kwa sababu matatizo yalishughulikiwa kabla hayajafika kwenye kipigo au utelekezaji. Baltimore si Bariadi, na afisa ustawi mmoja wa kata nyingi hawezi kukaa kliniki kila siku. Lakini siku ya kliniki inajulikana, na kumpangia awepo siku moja kwa mwezi katika kituo cha afya chenye watoto wengi ni suala la ratiba kabla halijawa suala la fedha.

Wale wanaosema watumishi ni wachache na foleni ni ndefu wanasema kweli, na ndiyo sababu mafunzo yasiwe kitu cha kuongezwa juu ya kazi iliyopo. Yaingizwe ndani yake. Mtoto anavuliwa nguo kwa ajili ya mzani vyovyote iwavyo. Kumgeuza aonekane mgongo na nyuma ya masikio ni sekunde kumi. Somo hili likae kwenye mitaala ya vyuo vya uuguzi na utabibu, lifanyiwe mtihani wa vitendo kama kuchoma sindano, na lisiachiwe miradi ya wafadhili ambayo humwita mtu yuleyule kila mwaka kwa sababu anajua kujaza fomu ya posho. Na waganga wafawidhi wafunzwe kwanza, kabla ya walio chini yao. Kisa cha London kilionyesha gharama ya kumfunza mdogo kuona na kumwacha mkubwa na uwezo wa kufuta. Taarifa itoke kwa jina la kituo, isainiwe na mfawidhi, ili muuguzi anayeishi kijiji kimoja na mtuhumiwa, anayenunua unga duka moja naye, asisimame peke yake. Akiitwa mahakamani miaka miwili baadaye, akiwa amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine, nauli na ruhusa viwe vimeandaliwa na mwajiri, kwa kuwa kesi nyingi hudhoofika shahidi wa afya asipotokea.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye mitaala mingi. Muuguzi aliyetoa taarifa mara ya kwanza na hakusikia lolote tena hana sababu ya kutoa ya pili. Hajui kama mtoto alionwa, kama alihamishwa, kama alikosea. Kinachomfunza mtumishi kuliko semina ni kujua kilichotokea baada ya alichokiandika. Fomu ya rufaa ya matibabu ina sehemu ya chini ambayo hospitali ya wilaya inapaswa kuijaza na kuirudisha zahanati, ingawa mara nyingi hairudi. Rufaa ya kwenda ustawi wa jamii iwe na sehemu kama hiyo: tarehe mtoto alipoonwa, hatua iliyochukuliwa, jina la afisa na namba yake ya simu. Irudishwe ndani ya siku 30, hata pale jibu linapokuwa kwamba nyumba ilitembelewa na hakuna kilichothibitika.